Mabingwa Waliofungiwa Mlango

Kila Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi, ikianza, ubishi kwenye makundi ya wapenzi wa tenisi ni uleule. Mmoja anaweka mezani Grand Slam 24 za Djokovic, mwingine anajibu kwa 22 za Nadal, wa tatu anasema Federer na 20 zake alicheza mpira mtamu kuliko wote. Ubishi huo naupenda na nauona wa haki, maana hao watatu walicheza zama moja, kwenye mashindano yaleyale, na milango ilikuwa wazi kwa kila mmoja. Kinachoniuma ni pale mtu anapochukua hesabu hiyohiyo akawapimia watu wa miaka ya 1950 na 1960. Kwa hesabu hiyo Roy Emerson wa Australia ana mataji makubwa 12 ya mchezaji mmoja mmoja, na Pancho Gonzales wa Marekani ana mawili. Kwa hiyo Emerson alikuwa mkubwa mara sita?

Hapana, wala hata karibu. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1954 hadi 1960, Gonzales ndiye aliyekuwa mchezaji bora duniani, na katika miaka hiyo yote hakuruhusiwa kucheza Wimbledon, wala Paris, wala Forest Hills kwenye mashindano ya Marekani, wala mashindano ya Australia. Hakutumia dawa na hakupanga matokeo. Kosa lake lilikuwa kulipwa hadharani kwa kazi aliyoifanya kuliko mtu mwingine yeyote.

Sisi tuliokulia kwenye habari za ngumi tunaijua tofauti ya ridhaa na kulipwa. Bondia anaanzia ridhaa, akiiva anahamia kulipwa, na huko ndiko kwenye mikanda yenye heshima. Kwenye tenisi kabla ya 1968 mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mashindano yote yenye jina yalikuwa ya ridhaa, chini ya shirikisho la kimataifa na vyama vya kila nchi. Mchezaji aliyesaini mkataba wa kulipwa alitolewa siku hiyohiyo: hakuna tena Wimbledon, hakuna tena Davis Cup, kombe la timu za mataifa, jina linaondoka kwenye orodha ya ubora. Mwingereza Fred Perry alichukua Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936, akiwa mtoto wa fundi wa kiwandani aliyepanda kwa juhudi zake. Alipokwenda kulipwa mwishoni mwa 1936, klabu ya Wimbledon ilimnyang'anya uanachama wake wa heshima. Sanamu yake ilisimamishwa kwenye viwanja hivyo mwaka 1984, miaka 50 baada ya taji lake la kwanza.

Na ridhaa yenyewe ilikuwa ya jina tu. Waandaaji walijua nani anajaza viti, na fedha zilipita chini ya meza kwa jina la nauli, malazi na posho. Mchezaji mkubwa wa ridhaa aliweza kuishi vizuri kwa bahasha hizo mradi asikiri. Mtoto wa tajiri hakuhitaji bahasha. Aliyebanwa ni mwenye familia na kodi ya nyumba ambaye hakutaka kuishi kwa kuficha. Ukanda wetu unaijua habari hii kwa upande wa riadha: Kipchoge Keino, baada ya dhahabu yake ya Olimpiki ya 1972 huko Munich, aliingia riadha za kulipwa Marekani, na kwa sheria za wakati ule mlango wa Olimpiki ukafungwa nyuma yake. Kwenye tenisi mlango wa namna hiyo ulikaa umefungwa kwa miongo minne.

Basi hao waliokwenda kulipwa walikula wapi? Kwenye ziara. Ya kwanza kubwa, mwaka 1926, ilimtegemea mwanamke, Mfaransa Suzanne Lenglen, na ilionyesha kuwa watu watalipa kiingilio kutazama tenisi ndani ya ukumbi wa ngumi. Bill Tilden akafuata mwaka 1931, akiwa na miaka 38 na bado tishio. Baada yake wakaja Ellsworth Vines, Perry, kisha Don Budge, ambaye mwaka 1938 alikuwa mtu wa kwanza kuchukua mataji yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, na mwaka uliofuata alikuwa barabarani akicheza usiku kwa usiku na Vines na Perry.

Utaratibu ulikuwa mmoja na haukuwa na huruma. Kulikuwa na mfalme wa kulipwa. Kila mwaka au miaka miwili promota alimnunua bingwa mpya wa ridhaa, kwa kawaida aliyechukua Wimbledon au taji la Marekani, akamleta apambane na mfalme huyo. Hawakucheza mechi moja. Walicheza sabini, themanini, hata zaidi ya mia, mji baada ya mji, na mwisho wa safari hesabu ikafungwa. Aliyeshinda alibaki kuwa kivutio cha mwaka ujao. Aliyeshindwa hakuwa na pa kwenda, maana nafasi kubwa zilikuwa mbili tu. Kulikuwa na wengine wawili wa pambano la utangulizi, wenye malipo madogo, na baada ya hao kulikuwa na kazi ya kufundisha watu kwenye klabu.

Usiku wa Desemba 26, 1947, Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo, alicheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa Madison Square Garden dhidi ya Bobby Riggs, aliyekuwa mfalme wa kulipwa wakati huo. New York ilikuwa imefunikwa na theluji nzito, magari yamekwama, usafiri umelala. Pamoja na hayo watu 15,114 walifika, wengine kwa miguu. Riggs alishinda usiku ule, ila hesabu ya ziara nzima ilisoma 69 kwa 20 kwa faida ya Kramer. Hizo mechi 89 hazipo kwenye jedwali lolote linaloonyeshwa leo kwenye runinga. Ukimtafuta Kramer kwenye orodha za mataji makubwa utamkuta na matatu: la Marekani mara mbili na Wimbledon moja.

Nifike kwa Gonzales, maana yeye ndiye aliyenifanya nianze kuisoma habari hii na hadi leo sijamalizana naye.

Alizaliwa Los Angeles Mei 9, 1928, wazazi wake wakiwa wametoka Chihuahua, Mexico. Jina lake ni Ricardo. Hilo la Pancho alibandikwa, kama walivyobandikwa vijana wengi wenye asili ya Mexico. Mama yake alimnunulia raketi ya senti 51. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwenye viwanja vya umma vya Exposition Park kwa kuwatazama wengine. Aliyeongoza tenisi ya Kusini mwa California alimzuia kucheza mashindano ya vijana kwa sababu alikuwa mtoro shuleni. Kijana huyo aliyezuiwa alichukua taji la Marekani mwaka 1948 akiwa na miaka 20. Mwaka 1949 akalitetea kwenye fainali na Ted Schroeder, bingwa wa Wimbledon, baada ya kupoteza seti mbili za mwanzo, ya kwanza kwa 16–18.

Hapo ndipo aliposaini. Alikuwa na miaka 21, ana mke na mtoto, na ofa ya ziara na Kramer haikuwa kitu cha kukiacha. Kramer alimchapa mechi 96 kwa 27. Ukizitazama namba hizo polepole utaona uzito wake: mechi 123 kwa majira mamoja, na karibu mechi nne katika kila tano unatoka umeshindwa mbele ya watu, kesho yake unasafiri tena na mtu yuleyule aliyekushinda. Kramer alikuwa mkubwa kwake kwa miaka saba, ameiva, anajua kuanzisha mpira na kuukimbilia wavu bila kupoteza hatua. Gonzales alikuwa na kipaji ambacho bado hakijapata adabu ya kazi.

Ziara ilipokwisha, alikuwa ametupwa. Hakuweza kurudi ridhaa; alikuwa amevuka. Hakuweza kupewa ziara nyingine. Nani angelipa kumwona mtu aliyepoteza 96? Alinunua duka la vifaa vya tenisi palepale Exposition Park, akawa anafunga nyuzi za raketi. Mataji machache ya kulipwa aliyachukua katika kipindi hicho, la Wembley, London, kwa mfano, lakini kivutio kikuu cha ziara hakuwa yeye. Bingwa wa Marekani wa mara mbili, umri wa miaka 22, 23, 24, umri ambao mchezaji wa leo anaanza kuhesabu mamilioni, yeye alikuwa nyuma ya kaunta.

Mwaka 1954 nafasi ilifunguka. Mgongo wa Kramer ulikuwa umechoka, akahamia kwenye uandaaji, na Gonzales akaitwa tena. Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Pigo lake la kuanzisha mpira lilikuwa zito na laini kwa wakati mmoja. Wengi waliocheza naye waliliweka miongoni mwa bora kuwahi kuonekana. Mwaka 1956 akamshinda Tony Trabert 74 kwa 27. Trabert huyu mwaka 1955 alichukua mataji matatu kati ya manne makubwa! Mwaka 1957 akamshinda Ken Rosewall 50 kwa 26. Mwaka 1958 akamshinda Lew Hoad 51 kwa 36. Mashindano ya kulipwa ya Marekani aliyachukua mara nane, saba kati ya hizo mfululizo kuanzia 1953.

Sasa tazama malipo. Kwenye ziara ya 1956, Trabert aliyekuwa mgeni alihakikishiwa dola 80,000. Gonzales, mfalme aliyemshinda karibu mechi tatu kati ya kila nne, alipata 15,000. Kramer alikuwa amemfunga kwa mkataba wa miaka saba aliousaini akiwa hana cha kuchagua, na kwa promota biashara ilikuwa wazi: watu wanamjia bingwa mpya. Gonzales alikwenda mahakamani kuuvunja mkataba huo, akashindwa. Kuanzia hapo hakumsamehe mtu. Alisafiri peke yake kwenye gari lake wakati wenzake wamepanda pamoja, alikula peke yake, alimpigia kelele mwamuzi, mpiga picha, hata shabiki wa mstari wa mbele. Waandishi wengi wa habari wamemwandika kuwa mtu mbaya. Mimi sitaki kumtakasa, ila ukijua kwamba aliyekuwa akimlipa ndiye aliyekuwa amemchapa mechi 96, na kila mwaka analetewa kijana mwenye ngozi nyeupe na tabasamu la magazetini anayelipwa mara tano yake, hasira ile inasomeka vizuri.

Hata sheria zilijaribiwa kwa ajili yake. Waandaaji waliona anaanzisha mpira, anakwenda wavuni, pointi imekwisha, watazamaji wanachoka. Wakajaribu kanuni ya kwamba mpira lazima udunde kwanza kila upande kabla mtu hajakaribia wavu. Alishinda bado.

Na mazingira ya kazi yenyewe yalikuwa magumu. Uwanja ulikuwa turubai. Ulikunjwa, ukapakiwa kwenye lori, ukatangulia mjini, ukatandazwa juu ya sakafu ya mpira wa kikapu au juu ya mbao zilizofunika uwanja wa barafu, ukavutwa kwa kamba hadi ukaze. Mahali pengine barafu iliyeyuka ikapenyeza unyevu, kwingine ukuta ulikuwa karibu na mstari wa nyuma kiasi kwamba huwezi kurudi nyuma kupokea mpira wa juu. Taa mbovu, moshi wa sigara umetanda. Mechi ikiisha karibu na usiku wa manane, wanaingia kwenye gari na kuendesha mamia ya kilomita hadi mji wa kesho. Hakukuwa na daktari wa timu wala mchua misuli. Mgongo ukiuma unacheza, kwa sababu watu wa mji huu wamenunua tiketi za watu wawili, na mmoja ni wewe.

Kati ya watu wa pambano la utangulizi yupo mmoja nisiyeweza kumruka. Pancho Segura alizaliwa Guayaquil, Ecuador, mwaka 1921, katika familia maskini, akaugua matege yaliyomwacha na miguu iliyopinda maisha yake yote. Alishika raketi kwa mikono miwili upande wa kulia, jambo ambalo wakati ule lilionekana kichekesho, na pigo lile wachezaji wenzake walilihofia kuliko karibu pigo lingine lolote la enzi hiyo. Alichukua mashindano ya kulipwa ya Marekani mwaka 1950, 1951 na 1952. Ukitafuta jina lake kwenye orodha ya washindi wa Grand Slam, hayupo kabisa. Jina hili litarudi.

Hoad na Rosewall ni hadithi ya pamoja. Wote walizaliwa Sydney Novemba 1934, wakipishana majuma matatu. Hoad alikuwa na nguvu za kupindukia. Siku yake ikifika hakuna aliyeweza kumzuia, na Gonzales mwenyewe, mtu asiyesifu wenzake ovyo, alimhesabu kuwa mpinzani wake mgumu kuliko wote. Mwaka 1956 Hoad alikuwa amechukua mataji matatu na amefika fainali ya la nne, Forest Hills. Aliyemzuia ni Rosewall. Hoad alisaini kulipwa Julai 1957, mara tu baada ya kuchukua Wimbledon ya pili, kwa dhamana ya dola 125,000. Kwenye ziara ya 1958 alishinda mechi 18 kati ya 27 za mwanzo na ilionekana mfalme anavuliwa. Kisha mgongo wake ukakataa. Gonzales akamfuata mji kwa mji mpaka akampita.

Rosewall alikuwa mtu wa namna nyingine. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 170, mwembamba, wenzake wakamwita Muscles kwa sababu misuli hakuwa nayo. Baba yake, mwenye duka la vyakula, alimfundisha kutumia mkono wa kulia ingawa alizaliwa wa kushoto. Mpira wake wa bekihendi, yaani unaopigwa kwa mgongo wa mkono, aliukata kwa juu, ukaenda chini, mrefu, mahali alipotaka. Alianza kulipwa Januari 1957 nyumbani Australia, dhidi ya Gonzales. Alipigwa ziara ile, lakini yeye hakutupwa. Alijifunza. Gonzales alipoanza kupumzika na kurudi, kupumzika na kurudi, Rosewall akakalia kiti. Mashindano ya kulipwa ya Ufaransa aliyachukua mara nane, saba mfululizo kuanzia 1960 hadi 1966. Wembley mara tano.

Ushahidi mkubwa wa pengo lililokuwepo kati ya dunia hizi mbili ni Rod Laver. Mwaka 1962 Laver alichukua mataji yote manne ya ridhaa, jambo ambalo baada ya Budge hakuna mwanamume aliyekuwa amelifanya. Magazeti yalimwita bora duniani. Januari 1963 akaingia kulipwa kwa dhamana ya dola 110,000 kwa miaka mitatu. Hoad, mwenye mgongo mbovu na asiyefanya mazoezi ya kutosha, alimshinda mechi nane kwa sifuri. Rosewall alimshinda 11 kwa mbili. Mtu mwenye Grand Slam kamili mfukoni alipoteza mechi 19 kati ya 21 mbele ya watu wawili ambao dunia ilikuwa imewafuta. Mimi nikimaliza kulisoma hilo huwa sina hamu tena ya kujadili mataji ya ridhaa ya miaka ile.

Mwaka huohuo wa 1963, mashindano ya kulipwa ya Marekani yalifanyika Forest Hills. Rosewall alimshinda Laver kwenye fainali, na hakulipwa hata senti. Waandaaji walikuwa wamefilisika. Wachezaji wawili bora duniani walicheza fainali ya bure. Mwaka uliofuata benki moja ya Boston ilitoa dola 10,000 kuyafufua mashindano hayo kwenye klabu ya Longwood. Laver akamshinda Gonzales kwenye fainali, na taratibu maisha yakaanza kurudi.

Kinachouma zaidi ni kwamba mlango nusura ufunguke mapema. Julai 1960 shirikisho la kimataifa lilikutana Paris kupigia kura hoja ya kuruhusu mashindano ya wazi, ridhaa na kulipwa pamoja. Ilihitaji theluthi mbili. Ilikosa kura tano. Kura tano! Gonzales alikuwa na miaka 32, Rosewall 25, Hoad 25, Segura 39. Wakasubiri miaka minane mingine. Segura hakufaidi kitu. Hoad mgongo ulikuwa umekwisha.

Waliovunja ukuta hatimaye ni Waingereza wenyewe, na naona niwape haki yao. Herman David, mwenyekiti wa klabu ya Wimbledon, alikuwa amechoka na uongo wa bahasha na alisema hivyo waziwazi. Agosti 1967, kwa kushirikiana na BBC2 iliyotaka kitu cha kuonyesha kwenye runinga yake mpya ya rangi, alialika wachezaji wanane wa kulipwa kucheza kwenye nyasi za Wimbledon. Viti vilijaa. Laver alimshinda Rosewall kwenye fainali. Desemba chama cha tenisi cha Uingereza kikapiga kura kufuta tofauti ya ridhaa na kulipwa, liwalo na liwe, na Machi 30, 1968 shirikisho la kimataifa likakubali mashindano 12 ya wazi.

Ya kwanza yalianza Bournemouth Aprili 22, 1968. Wakulipwa walikwenda na wasiwasi, maana wao ndio waliokuwa na cha kupoteza. Gonzales alikuwa amebakiza siku chache atimize miaka 40, na alifungwa na Mark Cox, Mwingereza wa ridhaa, kwa seti tano. Wapo waliosema siku hiyo kwamba sifa za wakulipwa zilikuwa hewa. Cox akamfunga na Emerson, aliyekuwa ameshaingia kulipwa. Kisha kwenye nusu fainali akakutana na Laver, na mjadala ukafungwa. Fainali ilikuwa ya Rosewall na Laver, na Rosewall akaondoka na pauni 1,000.

Mwezi uliofuata ikawa Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, Ufaransa ikiwa imesimama kwa migomo, treni hakuna, mafuta hakuna. Fainali ikawa tena Rosewall na Laver, na mshindi Rosewall. Alikuwa amelichukua taji hilo mwaka 1953 akiwa na miaka 18, na sasa analichukua tena akiwa na 33. Kwenye robo fainali ya mashindano hayo Gonzales, mwenye miaka 40 kamili, alimtoa Emerson, bingwa mtetezi. Wimbledon ya 1968 Laver akaichukua. Mwaka 1969 akachukua yote manne, safari hii wote wakiwepo.

Na Juni 1969, raundi ya kwanza Wimbledon, Gonzales mwenye miaka 41 alicheza na Charlie Pasarell mwenye miaka 25. Hakukuwa na taibreka, ile gemu ya kuamua seti iliyofungana. Seti ya kwanza iliisha 22–24. Giza lilikuwa linaingia, Gonzales akaomba mechi isimamishwe, akakataliwa, akaicheza seti ya pili kwa hasira na kuipoteza 1–6, na watazamaji wakamzomea. Kesho yake akarudi: 16–14, 6–3, 11–9. Kwenye seti ya tano aliokoa pointi saba ambazo Pasarell angeshinda hata moja mechi ingekwisha, mara mbili akiwa 0–40. Alishinda pointi 11 za mwisho mfululizo. Gemu 112, saa tano na dakika 12, na uwanja uliomzomea jana ulikuwa umesimama wima. Naifurahia mechi hii kuliko naweza kueleza, na wakati huohuo inanipa uchungu, kwa sababu hiyo ndiyo Gonzales ambayo Wimbledon iliipata. Ile ya miaka 28, ya 30, wakazi wa miji midogo ya Marekani waliiona juu ya turubai na Wimbledon haikuiona.

Nirudi kwa Emerson, nisije nikamdhulumu. Alikuwa mwanariadha wa ajabu, mtu mwenye afya ya farasi na tabia njema, na hakuna sheria aliyovunja. Kwa miaka hiyo alichagua kubaki ridhaa na alishinda kila aliyewekwa mbele yake. Lakini kati ya mataji yake 12, kumi aliyachukua kati ya 1963 na 1967, wakati Laver, Rosewall, Hoad na Gonzales wote walikuwa upande wa pili wa ukuta. Rekodi hiyo ilisimama mpaka Pete Sampras alipoipita Wimbledon mwaka 2000. Kwa zaidi ya miaka 30 watangazaji waliisoma bila kuongeza maelezo ya sentensi moja.

Mimi ninavyohesabu ni hivi. Wakulipwa walikuwa na mashindano yao makubwa matatu: ya Marekani, ya Ufaransa na ya Wembley. Ukiyajumlisha na yale manne tunayoyajua, Rosewall anafika 23: manane ya upande huu na 15 ya upande ule. Laver anafika 19. Gonzales anafika 14, na kwake hata hiyo ni ndogo, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa ziara, na ziara haina kombe. Najua makundi ya kulipwa yalikuwa na wachezaji wachache, taji lilipatikana kwa mechi tatu au nne. Kweli. Ila mechi hizo tatu au nne zilikuwa dhidi ya Hoad, Segura, Laver, au Frank Sedgman wa Australia. Hakukuwa na raundi ya kwanza ya kupasha misuli.

Gonzales alikosa mashindano makubwa 73 mfululizo, kuanzia Australia 1950 hadi Australia 1968. Laver alikosa 21. Rosewall alikosa 45, na ni Rosewall ambaye sijui namna ya kumfidia. Baada ya mlango kufunguka alichukua taji la Marekani mwaka 1970, Australia mwaka 1971 na tena 1972 akiwa na miaka 37. Mwaka 1974 akafika fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 39, akafungwa 6–1, 6–1, 6–4 na Jimmy Connors, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akifundishwa na Pancho Segura. Mzee wa Guayaquil hatimaye alikuwa na bingwa wa Wimbledon mkononi mwake, na aliyeshindwa alikuwa mwenzake wa lori na turubai.

Rosewall aliendelea kushinda mashindano mpaka Novemba 1977, Hong Kong, akiwa na miaka 43. Fainali nne za Wimbledon alizicheza, 1954, 1956, 1970 na 1974, na zote nne alipoteza. Kati ya ile ya pili na ile ya tatu kulikuwa na Wimbledon 11, kuanzia akiwa na miaka 22 hadi 32, ambazo hakuruhusiwa hata kujaribu.